Pete ya Sitini na Nne Haikatwi

Saa moja asubuhi, siku ya Ijumaa, Parma, kitongoji cha Cleveland, bado ina giza la Oktoba. Bernadine Hlavaty amewasha taa ya meza yake ya kazi, amevaa miwani ya kukuzia, na anageuzageuza pete moja nzito mbele ya macho yake. Msumeno mwembamba uko kando ya kiganja chake. Hajaugusa. Kahawa yake imepoa, na kahawa ya Bernadine haipoi hivihivi.

Pete hiyo ni ya dhahabu, na ubavuni imechongwa mwaka: 1964. Huku Cleveland na vitongoji vyake huhitaji kumweleza mtu zaidi ya hapo.

Desemba 27 ya mwaka huo, kwenye uwanja wa zamani kando ya ziwa, watu karibu elfu themanini walikaa kwenye upepo unaokata masikio wakaiona timu yetu ya futiboli ya Kimarekani ikiipiga Baltimore 27–0. Ulikuwa ubingwa wa ligi, kila mchezaji akapewa pete, na hapakuwa na kikubwa kuliko huo. Hii fainali ya siku hizi, yenye wanamuziki na matangazo, ilikuwa haijazaliwa. Tangu siku ile hatujashinda ubingwa tena, na hiyo fainali mpya hatujawahi hata kuikanyaga.

Wajukuu zetu wanatucheka. Wanauita ubingwa wa makumbusho.

"Wacha wacheke," anasema Bernadine bila kuinua kichwa. "Wale wachezaji wa mji wa Canton enzi za babu walihesabiwa mechi zao, wakapigiwa kura kwenye kikao, basi, mabingwa. Fainali hakuna. Wakapewa kijimpira cha dhahabu cha kuning'iniza kwenye mnyororo wa saa. Baba alikilehemu kimoja hapahapa mezani. Sasa nao tuwanyang'anye?"

Bernadine ana umri wa miaka sitini na sita, na arobaini na saba kati ya hiyo ameimalizia kwenye kiti hiki. Ni sonara wa kutengeneza, hauzi kitu. Hupanua pete, hupunguza pete, hurudisha mawe yaliyodondoka kwenye sinki la jikoni. Kupanua pete ya kawaida ni dola mia na arobaini. Kwa watu wa '64 ni bure. Huo ni utaratibu wa marehemu baba yake, Emil, aliyefungua duka hili. Wao huleta soseji zilizokaushwa kwa moshi, au dumu la sharubati ya tufaha, na mambo yanaisha.

Lakini Emil aliacha utaratibu mwingine. Uko kwenye kadi iliyobanwa ukutani juu ya meza, kwa mwandiko wake wa kulala upande: *Za '64 hazikatwi.*

Ilianza mwaka 1971, mchezaji wa kwanza alipoleta pete iliyombana. Emil alikataa kuikata na kuongeza dhahabu. Alisema ukilikata duara la ubingwa bahati yote inamwagikia nje, hivyo angeitanua kwa kuigonga taratibu, na kazi ya msumeno ingesubiri timu ishinde tena. Akaandika kwenye daftari lake, pembeni ya jina: "Mwaka ujao."

Tulimwelewa. Mji mzima ulikuwa unaongea vile. Na kusema kweli, mimi ninayeandika haya ningemwona msaliti kama angekata.

Mwenye pete ya leo ni Verlin Tackett, mwenye umri wa miaka themanini na nne, aliyekuwa mchezaji wa akiba. Jumapili wale waliobaki wataitwa katikati ya uwanja wakati wa mapumziko ya mechi, kuadhimisha miaka sitini. Verlin anataka kuwa na pete kidoleni. Haijapita kwenye kifundo cha kidole chake kwa zaidi ya miaka ishirini.

Saa tatu kamili anaingia, mrefu, ameinama, na mkewe Lottie akiwa amemshika mkono wa koti.

"Umeshakata?" Lottie anauliza hata kabla ya salamu.

"Bado, mama. Namsubiri mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye tatizo. Miaka ishirini pete inalala droo moja na betri zilizokufa. Nikitafuta mkasi, naikuta pete. Nikitafuta pete, naukuta mkasi."

"Igonge tu, Bernie," Verlin anasema. "Kama baba yako alivyofanya."

"Baba aliigonga sabini na moja, akaigonga tena themanini na tatu. Leta mkono." Anakipima kidole chake, anatikisa kichwa. "Dhahabu ya chini imebaki kama ganda la yai, mzee. Nikiigonga tena inachanika, na jiwe linang'oka. Hapa ni kukata, kisha nitie bawaba ndogo, ifunguke na kufungwa kama mlango."

"Na Jumapili tukifungwa?"

"Tutafungwa tu!" Lottie anadakia. "Mbona tunafungwa na pete ikiwa nzima?"

Verlin hacheki. Anakitazama kidole chake, ambacho kimepinda kuelekea kidole cha mwisho na kuvimba kifundoni. "Watu hudhani kilivunjika siku ya fainali," ananiambia. "Siku ile niliingia mara nne tu, mambo yakiwa yameshaisha. Kidole kilibanwa na mlango wa lori la bia, nikiwa dereva. Lakini usiandike hilo." Halafu anafikiri. "Aa, andika. Nani atanidai?"

Mgawo wake wa ubingwa ulikuwa kama dola elfu nane. Walinunulia nyumba, wakakaa humo hadi leo. "Mimi nililala na ubingwa ule," anasema Lottie. "Nilipika chini ya paa lake. Ila huyu anaushika kwa woga kama yai."

Hapo Bernadine anafanya jambo ambalo hajawahi kumfanyia mteja. Anafungua mtoto wa meza na kutoa daftari la baba yake, jalada lake limelegea, lina majina na vipimo vya vidole kwa miaka. Kidole kimoja mwaka 1971, kilekile mwaka 1983, kilekile mwaka 1990, kikiwa kinene zaidi kila mara. Anasoma majina kumi na moja. Baada ya kila jina anasoma maneno ya Emil: mwaka ujao. Baada ya majina saba anaongeza neno lake mwenyewe.

"Amefariki. Pete ilikuwa drooni."

Akimaliza la kumi na moja, analifunga daftari. Anavua miwani.

"Baba naye alikufa tisini na saba," anasema. "Timu ilikuwa imehamishiwa mji mwingine na haijarudishwa bado, mji hauna hata jezi ya kuvaa. Siku za mwisho aliniuliza kama kuna yeyote aliyekuja kukata. Nikamwambia hakuna. Akafurahi. Mimi nilikuwa nimewarudisha watu wawili wiki ileile, mmoja alikuwa analia. Nimelibeba hilo miaka yote. Nilimpenda baba, lakini alikosea. Alidhani ni mwaka mmoja."

Gari la taka linapita nje. Lottie anamkanda mumewe mgongoni, juu chini, kama anayembembeleza mtoto.

"Utapitisha wapi?" Verlin anauliza.

"Chini kabisa, upande wa kiganjani. Ndani mmeandikwa jina. Kati ya Verlin na Tackett kuna nafasi. Napita hapo, herufi haiguswi hata moja."

"Kata."

Anaibana pete kwenye jiliwa dogo lenye ngozi, anavuta pumzi, na kuanza. Msumeno unatoa sauti ya panya kwenye karatasi. Naangalia kadi ya Emil ukutani, sijui kwa nini, kana kwamba itaanguka. Haianguki. Dakika mbili na nusu tu, baada ya miaka sitini, na vumbi la dhahabu limeanguka kwenye kisahani, kiasi cha chumvi ya kubana kwa vidole viwili.

Bawaba inachukua siku nzima. Jumamosi mchana wanarudi. Bernadine anaifungua pete, anaizungusha chini ya kile kifundo kilichovimba na kuifunga. Inalia *tik*. Verlin anakunja ngumi, anaikunjua, anakunja tena.

"Ina baridi," anasema. Macho yamemjaa. "Siku ile nayo ilikuwa na baridi hivihivi. Nilikuwa nimeisahau ile baridi, Lottie."

"Mimi sijaisahau. Ulinipa glavu zako," mkewe anasema, na anambusu kwenye kifundo.

Jumapili, tulifungwa.

Jumatatu asubuhi nipo dukani simu inapolia. Bernadine anaiweka sauti juu.

"Huku kilabuni wanasema ni mimi," ni sauti ya Verlin. "Wanasema nimemwaga bahati."

"Wewe umewajibuje, mzee?"

"Nimewanyooshea kidole chenye pete."

Bernadine anacheka hadi anashika meza. Akishakata simu anarudi kwenye daftari. Katika yale majina kumi na moja wamebaki watatu ambao pete zao hazijaguswa: mmoja Akron, mmoja Toledo, mmoja Florida kwa binti yake. Amepanga kuwapigia wote wiki hii, na wa Florida atamlipia posta mwenyewe. Kadi ya baba yake haijatolewa ukutani. Amechukua kalamu na kuongeza neno moja mwishoni: *Za '64 hazikatwi bure.*

Anataka kustaafu akifika miaka sabini, kwa hiyo amebakiza misimu minne. Namuuliza anatarajia nini katika hiyo minne.

Anafungua ukurasa mweupe na kuulainisha kwa kiganja.

"Vidole vyote vya mabingwa nilivyopima maishani vilikuwa vimeshapinda," anasema. "Nataka kimoja kilichonyooka. Kijana aje na pete mpya, aseme ni kubwa mno, nimpunguzie. Hiyo kazi, kwa bingwa, sijawahi kuifanya."