Mito ya Fundi Nyoosha

Jina la Fundi Nyoosha hakupewa bure. Mshono ukipinda hata kidogo anaufumua, mteja awe kasimama mlangoni na harusi inamsubiri. "Nguo iliyopinda haitoki hapa," anasema, na ubishi umeishia hapo.

Miaka thelathini na cherehani, macho ya bibi huyu yameanza kumtupa mkono. Uzi anatiliwa sindanoni na mjukuu wake, binti wa miaka kumi asiyeona kabisa, kwa vidole na ncha ya ulimi.

Ijumaa mtoto alirudi shuleni kanywea. "Kipindi cha mito mirefu, mwalimu kaniambia nikapumzike nje. Eti ramani ni ya wenye macho. Na Jumatatu tutaendelea nayo."

Bibi roho ilimuuma, tena sana. Akaazima kitabu cha ramani kwa jirani, akatandaza shuka kuukuu, akakata kamba: kila kilomita elfu, shubiri moja. Akazishona juu yake ziwe mito mitatu, Nile, Amazon na Yangtze. Na kwa mazoea yake, zote akazinyoosha.

Mjukuu akapapasa. "Bibi, hii ni mito au kamba za kuanikia nguo? Mbona haipindi?"

"Una maneno wewe." Lakini akakisogeza kitabu hadi puani, akaona kweli. Akafumua zote. Jumamosi na Jumapili, kwa mara ya kwanza maishani, alishona kupinda makusudi, kona baada ya kona, huku akiguna.

Jumatatu alisimama dirishani mwa darasa, eti kaleta daftari lililosahauliwa. Mjukuu alikuwa katandaza shuka mezani.

"Mrefu kuliko yote ni Nile, shubiri sita na nusu na ushei," alisema. "Amazon unaufuata unyounyo, na wapo wataalamu wanaosema ndio unaoongoza. Kwa macho utauona mfupi. Pitisha kidole kwenye kona zake, Mwalimu."

Mwalimu akafumba macho, akapapasa kona zote, taratibu. "Nilikukosea," akasema. "Kiti chako ni kile cha mbele."

Jioni Fundi Nyoosha alikaa kwenye cherehani, akajaribu kutia uzi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Machozi yalimzidi.

Mjukuu akanyoosha mkono. "Lete, Bibi. Leo huoni kabisa."