Kipande cha Mzazi

Sokoni walimwita Mama Magamba, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupaa samaki, na magamba yalimfuata mpaka kitandani. Binti yake alipojifungua, kila siku alimwekea tumbo la kambare mkubwa kuliko wote, linono, linalong'aa kwa mafuta. "Kula, mwanangu, maziwa yajae."

Kisha daktari wa zahanati akawaonya wanaonyonyesha waache samaki wakubwa. Sumu inayomwagwa na kiwanda cha rangi kilicho kando ya mto haitoki mwilini, alisema. Visamaki huinywa mtoni, kambare huvila visamaki miaka nenda miaka rudi, na sumu yote hujikusanya kwenye mafuta yake. Mama akila, humpitishia mtoto kwa maziwa.

Kesho yake bwana mmoja wa kiwanda akaja sokoni, na tabasamu la kubandika, eti kuwatuliza.

"Mama zangu, msitishwe na maneno. Tunachomwaga ni kidogo tu."

Damu ikamchemka Mama Magamba. Akakitupa kisu ndooni.

"Kidogo? Haba na haba hujaza kibaba, baba, na kibaba chenyewe ni mjukuu wangu! Nyie mmemwaga, na mimi mjinga nikamchagulia mama yake kipande kinono, kwa mikono yangu hii, nikidhani nampenda!"

Akalitoa lile tumbo la kambare alilokuwa amemwekea binti yake kabla ya onyo la daktari, akambandikia yule bwana kiganjani, mafuta yakimchuruzika mpaka kwenye saa.

"Haya, mpelekee mkeo. Si ni kidogo tu?"