Sindano Niliyowafundisha Kuiruka

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya uuguzi niliripoti wodi ya wanaume, katika hospitali moja ya Kisii, yunifomu imepigwa pasi hadi karibu isimame yenyewe. Matroni, mama mfupi ambaye hata madaktari walimpisha kwenye korido, alinitazama akasema, "Binti, kabla ya kusoma chati, mnuse mgonjwa." Nilidhani ananitania. Kumbe mgonjwa wa kisukari akiishiwa insulini, mwili huchoma mafuta badala ya sukari, damu hujaa asidi ziitwazo ketoni, na pumzi yake hunuka kama ndizi iliyoiva ikapitiliza. Kwetu ndizi hazikosi, basi somo likanikaa.

Baadaye nilipelekwa hospitali ya Tabaka, chini ya afisa wa kliniki mwenye hasira za karibu, halafu Nyamira, nikakabidhiwa kliniki ya kisukari ya kila Jumanne. Nilipenda kufundisha, na sauti ninayo.

Korona ilipoingia nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu. Asubuhi moja akaletwa Mwalimu Ombati wa Gesima, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, mmoja wa wagonjwa wangu wa Jumanne. Alikuwa amepimwa akapatikana na korona, na alihema kama mtu aliyepanda mlima na gunia la majani chai. Daktari msimamizi wa wodi, kijana mpole asiyekuwa amelala siku mbili, akasema, "Sista, mapafu haya yamekwisha. Aandikiwe rufaa, aende Kisii kwenye mashine ya kupumua."

Kunusa nisingeweza, nilikuwa nimejifunga barakoa mbili. Lakini kipimo cha kidoleni kilionyesha oksijeni nzuri, na mapafu yaliyokwisha hayatoi oksijeni ya namna hiyo. Tena alivuta pumzi ndefu, nzito, bila kupumzika, jinsi mwili unavyojaribu kutoa asidi.

"Daktari," nikasema, "nipe nafasi ya tone moja la damu kabla ya ambulensi."

Sukari ilikuwa juu hata mashine ikashindwa kuisoma. Kijikaratasi cha kupimia mkojo kikageuka zambarau: ketoni tele. Nikakimbilia dirishani, alikosimama mkewe, Mama Kwamboka.

"Mama, alidungwa insulini lini?"

"Siku tatu hajadungwa, sista. Hakuli kitu! Anakunywa tu maji ya ndimu na asali, ile watu walisema inamaliza korona."

"Na sindano mkaiacha?"

"Si ni wewe ulitufundisha? Hakuna kula, hakuna sindano. Hata yeye alitaka, mimi nikamkataza."

Maneno yalikuwa yangu, neno kwa neno. Nilikuwa nimeona watu wakizimia shambani kwa sukari kushuka, nikaogopa hilo tu. Sikuwahi kuwaambia kwamba ugonjwa kama homa ya mapafu hupandisha sukari hata kama mtu hajala, na kwamba siku hizo ndizo insulini inahitajika zaidi.

Daktari hakubishana, Mungu ambariki. Tulimwekea dripu za maji ya chumvi, insulini kidogo kidogo, tukipima sukari kila saa na kuichunga potasiamu, madini ambayo yakishuka mno moyo husimama. Jioni kuhema kulitulia. Kesho yake aliomba uji, nami nikalia ndani ya miwani ya kujikinga hadi sikuona kikombe. Nilikuwa na furaha, jamani!

Kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani nilimwambia, "Mwalimu, lile kosa lilikuwa langu."

"Sista, mimi kuna watoto niliwafundisha hesabu vibaya, na sasa sijui hata wako wapi. Wewe darasa lako liko hapo Jumanne. Nenda."

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya mabenchi nikasema niliwakosea, nikawafundisha upya: ukiugua, usiache insulini, pima sukari mara kwa mara, kunywa maji, na ukitapika au ukihema usingoje, njoo hospitali. Mama mmoja akauliza kwa nini sikusema mapema. Nikamwambia ukweli: niliogopa sukari kushuka tu, ya kupanda sikuifikiria.

Ninyi mnaoanza kazi hii, mtakosea, na si kila kosa litawarudia likiwa hai. Langu lilirudi. Mimi sasa nimestaafu, nachuma chai yangu. Nikimwona Mwalimu Ombati sokoni Keroka, sihitaji kuvuka barabara kumkwepa. Mimi ndiye huanza kumsalimu.