Mdomo Ulionikalisha Kwenye Drafti

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba aliachishwa kazi kiwandani nami nikaacha shule darasa la nne. Shida ilianzia hapo. Raha pia.

Enzi zile pale mtaani kwetu Jericho drafti ilichezwa kwa vizibo vya soda, huyu vyake vimelala kifudifudi, yule vyake chali. Jumapili baada ya kanisa wanaume waliuzingira ubao hadi wa nyuma wasione kitu. Mimi nilipanda kreti nikawatangazia: "Amesogea kushoto. Amekula mbili. Imefika mwisho, kingi hiyo." Walinilipa mandazi ya moto. Mtoto asiye na shule, na watu wazima kimya wakinisikiliza. Hapakuwa na mahali pengine nilipokuwa mtu.

Kosa langu ni kwamba jicho lilikimbia kuliko mikono yao. Siku moja nikatangaza, "Fundi anatoa ya pembeni, halafu anakula tatu," na Fundi Wambua, mshona viatu ambaye hakuna aliyewahi kumfunga, alikuwa hajagusa kitu. Mpinzani wake akaziba njia.

"Kijana, umeniuza," Fundi akasema. "Si unajua sana? Keti. Nikikufunga, hicho kimdomo kisisikike hapa tena."

"Aa, Fundi, mwache, ni mtoto," mtazamaji mmoja akadakia.

"Mtoto gani? Keti, Bwana Redio."

Nikaketi. Alinila mbili, watu wakaanza kunicheka. Lakini sheria ya mtaa ilikuwa ukiweza kula, lazima ule. Nikampa moja, akala. Nikampa nyingine, akala akitabasamu. Ya tatu ikamvuta hadi katikati, na hapo nikamruka tatu mfululizo mpaka mstari wake wa mwisho nikapata kingi, nikitangaza kila mruko kwa sauti. Watu walipiga mayowe hadi kina mama wakatoka nje wakidhani kuna mwizi.

Mchezo ulipoisha nikiwa nimemfunga, Fundi aliinuka akanipisha. "Tangaza," akasema. "Lakini ngoja mkono uguse."

Nimengoja mkono uguse miaka yote. Chesi nilijifunza kwa wiki mbili, nikawafunga waliosoma, kisha nikatangaza mashindano kwa malipo kumbi zote za Eastlands. Vijana wa leo wanacheza na simu, peke yao, na wakifungwa wanaizima. Nani atawacheka? Nani atawashangilia?

Leo nina nyumba ya mawe Donholm, vyumba sita vya kupangisha mtaani Baba Dogo, pikapu moja na vikombe tisa vya ubingwa. Cheti cha shule sina hata kimoja.