Majina Ndani ya Albamu Mpya

Jumamosi nilikuwa kwenye kibanda cha kanda sokoni Ujiji, muuzaji akitupigia albamu mpya ya lile kundi kongwe la ng'ambo ya ziwa, wale wazee wa vinanda vya umeme na ngoma za mashine. Mteja mmoja akanung'unika, "Muziki mzuri, ila majina yamezidi. Kila wimbo wanaitana."

Mama mmoja mkimbizi, aliyekuwa akipita na beseni la dagaa, akasimama. Akalitua beseni chini.

"Kijana, hebu rudisha hapo."

Muuzaji akarudisha. Mwimbaji akaita jina, na mwenye jina akaitika kwa kinanda, kama ilivyo desturi yao.

"Hii kanda ni ya zamani?"

"Mpya kabisa, mama. Wameirekodi mwezi uliopita."

Mama akafunika mdomo kwa ncha ya kitenge. "Anayeitwa hapo ni kaka yangu. Tulipotezana siku ya kukimbia. Matanga yake nilishakaa."

Muuzaji alirudisha tena, akaongeza sauti mpaka wauza mihogo wakageuka. Yule mnung'unikaji ndiye aliyemsaidia mama kujitwisha beseni.

Nami nilinunua kanda yangu. Miguu yangu bado haijaelewana na ngoma za mashine, lakini nawashukuru wazee wale kwa kutoona haya kuitana. Nyumbani kwangu majina yote yanapigwa mpaka la mwisho, sauti juu na dirisha wazi, maana sijui nani anapita.