Ruhusa ya Kulia

Juzi, kwenye zahanati moja ya Bweri, nilikuta baba amemleta mwanawe wa miaka kama minne, ameungua mguu kwa uji. Nesi alipoanza kusafisha kidonda, mtoto akalia.

"Nyamaza!" baba akafoka. "Wanaume hawaliagi!"

Mtoto akauma midomo, akabana pumzi mpaka macho yakamtoka. Nesi akasita kusafisha. "Baba, mtoto hapumui!"

Dada yake, wa chekechea, akatoka kwenye benchi akamshika mkono. "Pumua. Lia tu. Mwalimu wetu anasemaga anayeumia analia, awe mvulana awe msichana."

Baba akanyanyua mkono kumpiga. Binti akafumba macho, lakini hakuuachia mkono wa mdogo wake.

Ndipo mtoto akaangua kilio kilichosikika mpaka barabarani. Baba akaushusha mkono polepole, akachuchumaa. "Haya, lia, mwanangu," akasema, akimnyooshea mkono. "Shika na wa kwangu."

Kidonda kikaoshwa, kikafungwa. Tunawalea wavulana kwa amri ya kunyamaza, kisha wakikua tunalalamika kwamba hawajui kuzungumza ila kwa ngumi.