Mabati ya Shimo la Masaka

Hatua kumi na tisa. Nilizihesabu mwenyewe siku mbili baada ya mazishi, kutoka kizingiti cha nyumba ya yule mama hadi ukingo wa shimo. Nilitaka kuwa na kitu kimoja ambacho hakuna mtu angeweza kukigeuza kuwa mahubiri.

Shimo lilichimbwa na jirani yake, kule Masaka, ili kukusanya maji ya mvua ya nyumba anayoijenga. Kina chake kilimzidi mtu mzima. Halikuwa na uzio wala kifuniko, na mvua za Aprili zilikuwa zimelijaza. Mama alikwenda kumwambia mara mbili, na mara zote mbili jirani alimjibu kwamba atalifunika mabati yakifika. Mabati yalifika. Yakalazwa chini ya turubai yakingoja paa la nyumba. Asubuhi moja, mama akiwa anaanika nguo, mtoto wake wa mwisho, wa miaka minne, alitumbukia.

Jirani huyo ni mwenyekiti wa kigango chetu. Mimi ndiye ninayewafundisha dini watoto wa kigango. Kila Jumamosi mchana napanda pikipiki kutoka Niboye kwenda kwao. Dada wa marehemu, msichana wa miaka kumi, alikuwa darasani kwangu, na Juni angepokea Komunyo ya Kwanza.

Makaburini mwenyekiti ndiye aliyesimama kusema kwa niaba ya kigango. Alisema Mungu hupita bustanini akachuma ua analolipenda. Alisema tusiulize. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, watoto na watufundishe."

Nilijua anataka nini. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto Baba Yetu kwa vitendo, maana wadogo hukumbuka kwa mikono. Kwenye mkate wanakunja kiganja, kwenye makosa wanajigonga kifua, na kwenye "utakalo lifanyike" wanainua viganja vitupu na kuinamisha vichwa. Wageni wakija kigangoni, hicho ndicho wanachoonyeshwa. Basi niliinua mkono, na watoto ishirini na wawili wakainua viganja vyao juu ya lile kaburi dogo. Nikaona mabega ya mwenyekiti yakishuka, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Mimi ndiye niliyemtua.

Msichana alikuwa ameingiza mikono mifukoni mwa sweta.

Wiki tano baadaye watoto waliulizwa maswali ya Komunyo. Mezani walikaa wawili: katekista wetu, mtu mpole anayeogopa ugomvi kuliko dhambi, na mwenyekiti. Msichana alisimama, akasali vizuri hadi kwenye ufalme, kisha akaingia moja kwa moja kwenye mkate.

"Umeruka, mtoto wangu," katekista alisema. "Rudia."

Alirudia. Akaruka tena, pale pale.

"Ana njaa huyo, anakimbilia mkate!" mtoto mmoja alinong'ona nyuma, kwa mnong'ono wa kusikika hadi mlangoni. Wenzake wakacheka.

Mwenyekiti hakucheka. "Huyu hajasahau. Huyu iko na kichwa kigumu. Mtoto asiyekubali mapenzi ya Mungu atampokeaje Mungu? Angoje mwaka kesho."

Katekista akaandika: mwaka kesho. Gauni jeupe lilikuwa limeshakatwa kwa fundi, na mama yake alikuwa mlangoni, akisikia.

Nilimkuta msichana ameketi kwenye ngazi za nyuma.

"Umesahau?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi kwa nini?"

"Nikisema ni Mungu alitaka, mzee hatalifunika." Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mwanafunzi mzito. "Mpaka leo iko wazi. Na kuna mtoto wa mama mdogo pale nyumbani. Ameanza kutembea."

Nilikwenda kuangalia. Wiki tano, na mtu alikuwa ameweka tawi la mti juu ya shimo. Tawi! Turubai lilikuwa mahali pake, na mabati chini yake, hayajaguswa. Nilivuka ua hadi kwa mwenyekiti. Alinikaribisha kwa uso mwema, akaniwekea chai.

"Mzee, shimo liko wazi."

"Lile? Nimeshaongea na mkuu wa mudugudu, wa mtaa wetu huu. Jumamosi ya umuganda watu watalifunika. Iko kwenye programu."

"Umuganda ni wa barabara na mitaro, kazi ya wote. Shimo ni lako."

"Mwalimu, tusaidiane. Haya yalikuwa mapenzi ya Mungu, na majirani wote wanaona vizuri tu—"

"Mungu hakulichimba hilo shimo. Wala si Mungu aliyelaza mabati chini ya turubai."

Akaweka kikombe chini taratibu. "Kumbe ukaidi wa yule mtoto una mwalimu."

Niliondoka bila kuigusa chai. Kwetu hilo ni tusi, na nililikusudia. Njiani ndipo nilipoielewa akili yake. Mikono mia moja ikilifunika shimo asubuhi moja, hakutakuwa na mkono hata mmoja uliowahi kuliacha wazi. Ndiyo kazi ile ile aliyoyapa maneno ya sala pale makaburini, na mimi nilimkabidhi watoto wangu wafanye.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, watu walikuja na majembe. Mkuu wa mudugudu alitangaza: mtaro wa barabara, halafu shimo. Kabla hajamaliza, mama wa marehemu alipita katikati ya watu, akaenda kuketi juu ya kifusi cha udongo kando ya shimo.

"Atakayegusa bati, na si yeye," alisema, akimwonyesha mwenyekiti kidole, "anipite mimi kwanza."

Kikongwe mmoja akaegemea jembe lake.

"Mwenyekiti, mkono unauma?"

Mtu alianza kucheka, akajikatisha. Mwenyekiti alitazama huku na huku akitafuta msaidizi. Kila jicho alilolikuta lilibaki likimtazama. Akavua koti. Alibeba mbao mwenyewe, akabeba mabati mwenyewe, matatu, moja baada ya jingine, akapiga misumari kwa karibu saa nzima. Alijigonga kidole gumba. Nilifurahi, na furaha hiyo sijaiungama.

Alipomaliza alifuta jasho, nasi sote tukangoja neno. Hata pole. Hata nimekosa.

"Haya," alisema, "sasa mtaro."

Akachukua jembe na kutangulia. Mama alibaki kwenye kifusi. Alijaribu bati kwa mguu, mara moja, mara mbili, kwa uzito wake wote. Halikuyumba.

Mchana huo huo nilimpeleka msichana kwa katekista, mwenyekiti akiwa hayupo. Nilimwambia katekista kwamba asipomsikiliza tena, Jumamosi ijayo atawafundisha watoto yeye mwenyewe. Akafungua daftari haraka.

Msichana alisali. Alipofika mahali pale, aliyasema maneno yote mawili. Mimi nilikuwa nimewafundisha kuyasema kama watu waliokwisha kunyang'anywa. Yeye aliyasema huku akimkazia katekista macho, kwa sauti ile ile ya mama yake juu ya kifusi, kama mtu anayeagiza kazi na atakayerudi kuikagua.

Katekista alipiga mstari juu ya "mwaka kesho". Kisha akasita.

"Na mikono?" aliuliza. "Hapo si wanainua mikono?"

"Iko mfukoni," msichana alijibu.

Katekista akanitazama mimi.

"Iache huko," nikasema.